Mbegu ya Zaina

Kwetu Mandawa mwanamke hupimwa kwa uwanja wake. Unaweza kuwa mvivu wa jembe, unaweza kuwa na mdomo ambao hata kuku wanaukimbia, watu watakuvumilia. Lakini jua likichomoza na uwanja wako haujafagiwa, huna mtetezi. Ndiyo maana nilikasirika siku nilipoingia uani kwa dada yangu Mwamina nikakuta mmea umesimama katikati, umefika kiunoni.

"Dada, hiki nini?"

"Usikiguse, Biasha."

Ulikuwa umeota juu ya ufuo. Kwa asiyejua, ufuo ni ule mfereji unaochimbwa kupokea maji ya kuoshea maiti. Kazi ikiisha unafukiwa. Sisi hatupitishi ufagio juu yake mpaka arobaini ipite. Unafagia pembeni, unazunguka, pale unapaacha. Ufuo ule tuliuchimba kwa ajili ya Zaina, mtoto pekee wa dada yangu, aliyetufia mwezi wa pili mvua zikiwa zimepamba moto. Arobaini ilisomwa, wali ukaliwa, watu wakatawanyika, na bado dada aliendelea kuzunguka na ufagio wake.

"Arobaini imepita," nilimwambia.

"Najua."

"Sasa huu msitu wa nini?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyefiwa na akili. "Hii ndiyo mbegu ya Zaina," alisema.

Nieleze jambo la mbegu, maana bila hilo utamwona dada yangu mwehu, na mwehu hakuwa.

Zaina alikuwa akifanya kazi Nachingwea kwa mama lishe mmoja jirani na stendi. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Hospitali walimpa vidonge, wakampa maneno, mwishowe wakamwambia aende mbali zaidi, kwenye mashine, na sote tukajua huko hatufiki. Akaamua kurudi kwa mama yake. Aliposhuka kwenye bodaboda uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani vizuri, na miguu haikuingia kwenye kandambili, alizibeba mkononi.

Kwetu mtu akitoka safari, kabla hujamuuliza alikolala, unamuuliza, "Umetuletea nini?" Mtoto atauliza, bibi kizee atauliza, jirani mliyenuniana naye mwaka mzima atauliza. Si uroho, ni salamu. Aliyekuja mikono mitupu hujibu kwa utani, "Nimewaletea mimi mwenyewe," watu wanacheka, yanaisha. Dada yangu aliuona ule uso, akashtuka, na kwa sababu hakujua la kusema alisema lile ambalo ulimi umelizoea.

"Karibu mwanangu. Umeniletea nini?"

"Mbegu, mama."

Dada yangu ana ugonjwa wa mbegu. Akienda harusini atarudi na shina la mchaichai limefungwa kwenye kitambaa. Akila papai zuri kwa watu, anaondoka na mbegu zake mdomoni. Nyuma ya bafu lake, pale maji yanapotokea, ana bustani ambayo hata kiangazi kikali inakuwa kijani. Ungemletea gauni angesema ahsante. Ukimletea mbegu anakuombea dua.

"Mbegu ya nini?" akauliza, na nilimwona jinsi uso wake ulivyofunguka.

"Utaiona ikiota. Nitakupa nikishapumzika."

Hakupumzika. Wiki haikwisha.

Baada ya mazishi dada alipekua begi lote. Magauni mawili, chaja, kanga, sabuni iliyotumika. Akageuza mifuko, akapapasa mishono. Hakuna mbegu. Simu ya Zaina ilikuwa imefungwa kwa namba za siri, hakuna aliyezijua, na namba ya simu ya Prisila, msichana aliyekuwa akiishi naye kule, hatukuwa nayo. Ndipo dada akakumbuka pindo. Zaina alikufa amevaa kanga, na pindo la kanga ile lilikuwa na fundo. Akamfuata Bi Hadija, aliyeongoza kuosha.

"Fundo lilikuwepo," Bi Hadija alisema. "Nililifungua tukimvua. Kuna kitu kililainika ndani, kikaenda na maji. Sikutazama, mwanangu. Saa ile mtu hatazami mapindo."

Kikaenda na maji. Na maji yalikwenda wapi? Ufuoni. Kwa hiyo mmea ulipochomoza pale, wakati uwanja mzima ni mweupe, dada yangu hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Mimi sikuamini. Niliona ni gugu kama magugu mengine, na nilitaka kuling'oa siku ileile. Lakini tatizo la gugu lile ni kwamba kweli hatukulijua. Shina lake lilikwenda juu moja kwa moja, halina tawi, limejaa vinyweleo. Majani membamba yamejipanga kuanzia chini mpaka kileleni. Ukilisugua lilitoa harufu kali kidogo, nusu ndimu, nusu dawa ya mende. Masika yalipokatika lilikuwa limenipita urefu, nami si mfupi. Sisi ni watu wa mikorosho na ufuta, magugu ya shambani tunayajua kwa majina na tabia zao, lakini lile lilisimama pale uani na hakuna aliyeweza kulisalimia.

Majirani walikuja kuangalia. Mmoja alisema ni tumbaku ya porini. Mwingine akasema si tumbaku, labda dawa ya minyoo. Dada akachukua jani moja mpaka sokoni Ruangwa kwa muuza dawa za miti, yule akalinusa, akalitafuna, akatema, akasema, "Huu si wa huku. Wa mbali huu." Angalau angesema hajui, tungepona. Halafu akapita Kornel, bwana shamba wa kata, amekuja kuzungumza na watu juu ya salfa, ile dawa ya mikorosho. Dada alimvuta mkono mpaka uani. Kornel akaupiga mmea picha kwa simu yake ili simu imtafutie jina. Mara ya kwanza ilisema ni ua fulani la Ulaya. Akasogea, akapiga tena, ikasema jingine. Mara ya tatu ikasema ni saladi.

"Mama, nisikudanganye," alisema akirudisha simu mfukoni. "Mimi siujui."

Nilimheshimu kwa hilo. Dada yangu alisikia kitu kingine. Kornel hajafika barabarani, dada amenigeukia macho yanang'aa. "Umesikia? Hata bwana shamba haujui!"

Ikawa hivyo. Kadiri watu walivyosema hawaujui, ndivyo alivyozidi kunawiri yeye. Aliuzungushia mmea uzio wa mianzi na kipande cha chandarua cha Zaina, mbuzi wasiufikie. Aliunywesha kila jioni kwa maji ya kisima, maji ambayo bustani yake ya nyuma ya bafu ilikuwa inayahitaji, na bustani ikaanza kukauka. Mchicha ukainama. Bilinganya zikaanguka zingali ndogo. Hakugeuka.

Shambani hakwenda. Ufuta hausubiri mtu. Ukishakomaa usipoukata na kuusimamisha mafungu, vibumba vinapasuka na mbegu zinamwagika chini, unabaki na vijiti. Tulikata wa kwetu mimi na mume wangu Hemedy, tukamkatia na yeye kipande tulichoweza, kilichobaki kikapasuka. Nilikwenda kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya uzio.

"Dada, ufuta wako unamwagika."

"Acha umwagike."

"Mwaka huu utakula nini? Utakula hilo gugu?"

"Kama linaliwa."

Nilirudi nyumbani nikagombana na sufuria. Hemedy akaniuliza nani kanichokoza, nikamwambia gugu. Akacheka, akasema tangu anioe hajaniona nikishindwa na mtu, ila leo nimeshindwa na jani. Sikucheka. Nilimpenda Zaina. Nilimbeba mgongoni mama yake akiwa shambani, nilimsuka nywele siku ya kwanza ya shule. Na niliona kwamba tulimzika mmoja na sasa tunampoteza wa pili, polepole, mbele ya macho yetu, amekaa kwenye kigoda.

Mwezi wa sita mmea ukatoa matawi juu, na kwenye matawi vijiua vidogo vyeupe ambavyo havikufunguka vizuri. Wiki kadhaa baadaye dada akaniita.

"Biasha, unakaribia kukomaa. Sijui unavunwaje. Sijui ni wa kuchemsha, sijui ni wa kuunga, sijui unapandwa mwezi gani. Ukinikaukia hivi hivi, nitakuwa nimepoteza tena." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. "Nenda Nachingwea. Mtafute Prisila. Yeye anajua Zaina alinunua mbegu gani. Ningekwenda mwenyewe, lakini miguu yangu siku hizi hainipeleki hata kisimani bila kupumzika."

"Na akisema si huu?"

"Atasema ndiyo huu."

Alikata tawi moja, akalifunga kwenye kitambaa kibichi, akaniwekea kwenye mfuko. Nilipanda bodaboda mpaka Ruangwa, pale nikapata gari la Nachingwea. Njia nzima nilikuwa namuomba Mungu msichana yule auone mmea, aseme ndiyo. Mimi, niliyetaka kuling'oa. Niliomba liwe la Zaina kweli.

Prisila sikupata shida kumjua, yeye ndiye aliyenijua. Alikuwa anageuza chapati palepale kwa mama lishe. Akaniona, mkono ukasimama hewani, chapati ikaungua. "Mama mdogo," alisema, ingawa hatujawahi kuonana. "Umefanana naye." Akafunika uso kwa aproni. Habari za msiba alizipata kwa kondakta mmoja, baada ya mazishi.

Alipomaliza kazi akanipeleka walikokuwa wakipanga na Zaina, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya zamani ya matofali. Mwenye nyumba, aliniambia, amehamia kwa mwanawe Masasi, nyumba kubwa imefungwa, yeye Prisila anafagia mbele ya mlango wake tu. Tukaketi kwenye kizingiti. Nikafungua kitambaa.

"Mwanangu, unaujua huu?"

Akautazama, akanitazama mimi, kama mtu anayeogopa kwamba ameulizwa swali la mtego.

"Huu? Umetoka nao Mandawa?"

"Mama yake Zaina amenituma. Anasema ndiyo mbegu aliyoletewa."

Prisila alisimama, akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba kubwa.

Palikuwa na msitu wake. Kutoka ukutani mpaka kwenye mabaki ya choo, ule mmea umesimama umesongamana, mingine imetupita urefu, vileleni imetoa pamba nyeupe inayopeperuka ukiipumulia. Mbele ya mirefu, ya magotini. Mbele ya hiyo, ya vidole viwili. Na mbele kabisa, kwenye mpaka ambapo ufagio wa Prisila huishia, vilikuwepo vidogo vyake, havina shina bado, majani yamelala chini mviringo, yameng'ang'ania udongo.

Vile vidogo nilivijua. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyevijua. Ni kale kajani ka kulala ambako unakafagia asubuhi, kakikataa unakakwangua kwa kidole gumba cha mguu, na kesho yake kapo tena. Nimekaua tangu nilipojua kushika ufagio. Mama yangu alikaua, na mama yake. Katika uwanja wa dada yangu kamechomoza na kufa kila siku ya maisha yake ya ndoa. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaacha kasimame, kwa hiyo hatukujua kakikua kanakuwaje. Tulikaacha mara moja tu, kwa sababu ya arobaini.

Niliketi chini, kwenye mavumbi.

"Na mbegu?" nikauliza. "Alisema ameleta mbegu."

Prisila akachuchumaa pembeni yangu. "Alitaka za karoti. Alisema mama hajawahi kuotesha karoti. Siku ile gari liliondoka alfajiri, duka la pembejeo lilikuwa bado limefungwa. Alisikitika mpaka akalia. Nikamwambia nenda, mimi nitanunua nimpe kondakta. Akasema, 'Basi mama akiniuliza nitamwambia ninazo.'" Akavuta pumzi. "Halafu kondakta ndiye akaniletea habari. Sikununua tena. Ningemtumia nani?"

"Kwenye pindo alifunga nini?"

"Vidonge vyake. Vya kutoa maji mwilini. Alikuwa anavifunga humo ili asivitafute."

Nililala kwenye kitanda alichokuwa akilala Zaina. Asubuhi Prisila alitaka tukanunue hizo karoti. Nikamwambia aache. Karoti kwetu haikui, joto linaimaliza, inatoka kama kidole cha mtoto mchanga. Zaina hakulijua hilo, na sikuona sababu ya kumwambia rafiki yake.

Njiani kurudi nilitunga uongo. Sioni haya. Mtu ambaye amebakiwa na shina moja la kuegemea, humwambii halina mizizi. Nikautunga vizuri, nikaupanga, nikausema kimoyomoyo kila gari liliposimama, mpaka ukanikaa mdomoni kama kweli. Mchana ulikuwa haujaisha nilipofika kwa dada.

Alikuwa ameketi chini, si kwenye kigoda, ufagio umelazwa mapajani. Uzio wa mianzi ulikuwa umesukumwa kando. Mmea wote ulikuwa nao sasa umetoa pamba.

"Karibu," alisema. Na ulimi wake ukasema lile ulilolizoea. "Umeniletea nini?"

Nikaketi. "Nimempata Prisila. Dada, ni wa kweli. Ni mboga ya ng'ambo, ya Msumbiji. Zaina alipewa mbegu na mama mmoja pale stendi, alipomsifia bustani yako. Inaliwa ikiwa changa. Unachemsha, unamwaga maji ya kwanza, unaiunga kwa karanga. Huu wetu umeshapita, lakini ukichukua mbegu zake…"

Nilisema mpaka mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza kwa upole, "Inaliwa ikiwa changa?"

"Ikiwa changa."

Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kajani ka kulala, mviringo, mizizi yake bado ina udongo.

"Kama haka?"

Ndipo nikatazama chini. Kuzunguka ufuo wote, mpaka pale maji yake ya kila jioni yalipofika, vilikuwa vimejaa. Pamba za vijiua vya kwanza zilikuwa zimedondoka wiki kadhaa nyuma kwenye udongo uliolowa, zikaota. Na upande mmoja, karibu na miguu yake, palikuwa pamefagiwa kidogo, halafu ufagio ukasimama.

"Asubuhi nilikuwa nafagia," dada alisema. "Nimekafagia haka tangu naolewa. Leo nikajiuliza, mbona kanatokea chini ya mti wa mwanangu? Nikang'oa kamoja, nikatazama kalikokua kidogo, nikatazama kengine. Nikafika mpaka kwenye shina lenyewe." Akageuza kiganja, kajani kakaanguka. "Kumbe na wewe umeniletea mbegu, Biasha."

Nikakaokota kale kajani.

"Hakununua," alisema.

"Alitaka. Duka lilikuwa limefungwa."

"Lakini alijua nitamuuliza."

Hakulia. Afadhali angelia, ningejua pa kumshika. Alikaa akitazama bustani yake ya nyuma ya bafu, ambayo ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki vijiti na ardhi iliyopasuka. Kisha akainua ufagio kutoka mapajani akaninyooshea.

"Fagia wewe. Mimi leo sitaweza."

Nikafagia. Nilianzia mlangoni kama inavyotakiwa, nikarudi nyuma nikifuta nyayo zangu, nikakwangua vile vidogo kimoja kimoja, vinavyokataa nikavitoa kwa kidole cha mguu. Uwanja ukawa mweupe kama wa mtu mwingine. Nilipofika kwenye mmea nilisimama. Tangu siku ya kwanza ni mimi niliyetaka kuung'oa, na sasa mikono haikutaka. Nikamgeukia dada ili aniambie niache. Alikuwa amefumba macho.

Nikaushika chini, karibu na ardhi, nikavuta. Nilidhani utanisumbua kwa urefu ule, nikajiandaa kwa miguu yote miwili. Ukatoka kwa mkono mmoja. Udongo wa ufuo ulikuwa bado laini.